Si Ua Hilo, ni Ua Huu

Ilikuwa Jumamosi, tarehe tisa Mei, saa tatu kasorobo asubuhi. Mvua iliyoanza alfajiri ilikuwa imekatika ghafla, kama msemaji aliyekanyagwa mguu chini ya meza, na mawingu mepesi yalijikokota juu ya paa la nyumba ile kongwe huku jua likichungulia na kujificha. Changarawe ya njia kuu ilikuwa bado imelowa. Mbunifu alisimama kwenye kidato cha mwisho cha ngazi ya nyuma, akitazama bustani aliyoifufua kwa mikono yake, na kujilaumu kwa kuvaa gauni.

Gauni lilikuwa na sababu yake. Jana jioni, vibarua walipokuwa wakikusanya majembe, mrithi wa nyumba alimwendea akasimama mbele yake kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Alikuwa mhandisi wa madaraja, mrefu, mwenye shati lisilojua mkunjo, na nyumbani hakuitwa kwa jina lingine ila Kengele. Katika shule ya bweni alikabidhiwa kengele ya kuwaamshia wenzake, akaigonga kwa wakati hata siku alizoungua homa. Shule ilikwisha, kengele ikabaki ndani yake.

"Kesho njoo saa tatu kasorobo," alimwambia, macho yakiwa juu ya miti ya mivinje. "Nataka kukupa ua."

Sasa ni mwanamke gani ambaye asingevaa gauni? Msimu mzima walikuwa wamefanya kazi bega kwa bega, wakipima, wakibishana, wakinywa chai kwenye ukingo wa hodhi, na neno tamu kuliko yote lililopata kumtoka Kengele lilikuwa, "Vipimo vyako ni sahihi." Lakini macho yake hayakuwa na ubahili wa mdomo wake. Mara nyingi Mbunifu aliinua kichwa kutoka kwenye ramani akayakuta yamemtulia usoni, na yakishakamatwa hukimbilia miti. Leo saa sita gari lingekuja kumchukua kwenda kwenye kazi nyingine, mji mwingine. Kama lipo la kusemwa, wakati wake ulikuwa asubuhi hii.

Kengele alitokea ubavuni mwa nyumba. Mikononi hakuwa na waridi wala asumini. Alikuwa na mikasi miwili mikubwa ya kupogolea.

"Umewahi," alisema.

"Nimewahi kwa ajili ya ua."

"Vyema. Shika."

"Hii ni nini?"

"Mkasi."

"Naona ni mkasi, bwana. Mimi nauliza ua langu liko wapi."

"Ua wako," alimsahihisha, kwa sauti ya mtu aliyefunzwa sarufi kwa kiboko, "uko kule chini."

Akanyoosha kidole. Mbunifu alikifuata kidole kile kwa macho, kikavuka hodhi, kikavuka vitalu vinne vya maua, kikatua mwisho wa bustani, pale ambapo safu ya miti mifupi ya majani madogo, imefika kiunoni, ilikata upana wote kutoka mashariki hadi magharibi. Ulikuwa uzio wa miti, wa pekee ambao Kengele hakukubali vibarua waukate.

"Ua huo?" alisema Mbunifu.

"Kwani ulidhani ua upi?"

"Sikudhani kitu," alijibu, na uongo ule ukampanda mashavuni.

Kengele aliliona gauni. Aliliangalia kuanzia kola hadi pindo, akasema jambo la kipumbavu kuliko yote aliyoweza kusema. "Litachafuka."

"Litachafuka nami nikiwa ndani yake. Lete mkasi."

Waliteremka wakifuatana. Walipofika, Kengele alisita kidogo, akakohoa. "Wewe shika upande wa mashariki," alisema, na sauti ikamtetemeka kidogo. Mbunifu alidhani ni baridi ya asubuhi.

"Hatufungi kamba?"

"Ua huu haufungiwi kamba. Mmoja huanza kule, mwingine huku. Kila mmoja humtazama mwenzake mpaka wakutane katikati."

"Na tukikutana, wako umekuwa juu na wangu chini?"

"Basi watu watajua hatukutazamana."

Alisema hivyo bila kucheka, akageuka, akaenda zake upande wa magharibi. Mbunifu alibaki akiitazama shingo ile iliyonyooka kama nguzo ya bendera, asijue kama ametaniwa au ametongozwa.

Wakaanza. Mikasi ilikuwa ikilia kwa zamu, wake halafu wa Kengele, majani mabichi yakianguka kwenye viatu. Mwanzoni walisemezana kwa kupaza sauti kama majirani wa ng'ambo mbili za barabara.

"Nikuulize jambo!" Mbunifu aliita. "Wataalamu wa bustani waliokuja kabla yangu wote wameandika kwamba babu yako mkuu alikuwa mtu mkali, ndiyo sababu hakuacha njia hata moja ijipindie itakavyo!"

"Alikuwa mpima ardhi! Wapima ardhi wote ni wakali!"

"Na wahandisi?"

"Wahandisi ni wapole. Inua mkasi, unashuka!"

Aliinua mkasi. Alipenda kukosolewa na mtu yule, na jambo hilo lilimwudhi. Kila alipotazama upande wa magharibi kulinganisha kimo, aliyakuta macho ya Kengele yanamngoja. Safari hii hayakukimbia. Kazi yenyewe iliyahalalisha, na mtu mwenye haya akishapewa ruhusa ya kutazama, hutazama kwa miaka yote aliyojinyima.

Umbali ukapungua, na sauti zao nazo zikashuka.

"Mimi sidhani ni ukali," alisema Mbunifu. "Nilipoipokea bustani hii ilikuwa kichaka. Tulipofukua njia, nilikuta kila ukingo una jiwe lililoinuliwa kiasi tu cha mguu kuligusa. Ukikaribia hodhi, jiwe linakuwa na mikwaruzo, kama linakuonya. Halafu vitalu vyenyewe. Asumini peke yake, mrehani peke yake, waridi kule, mchaichai kule. Hakuna harufu iliyochanganywa na nyingine."

"Nakusikiliza."

"Mwenye macho hana haja ya hayo yote. Yeye huona yuko wapi. Bustani hii ilipangwa ili mtu aijue kwa mguu na kwa pua. Njia zimenyooka ili asipotee. Katika nyumba hii, nani alikuwa haoni?"

Mkasi wa Kengele ulinyamaza. "Sikuambiwa na mtu."

"Ni bibi yangu," ilijibu sauti nyuma yao. "Alipofuka mwaka wa pili wa ndoa."

Shangazi alikuwa amesimama kwenye njia kuu, mwembamba, mtandio mweupe mabegani. Ndiye aliyemlea Kengele tangu akiwa mtoto wa kubebwa, na hakuna kiti katika nyumba ile kilichosogezwa bila idhini yake. Nyuma yake alikuja Mpishi, mama mnene mwenye ulimi usio na kufuli, amebeba sinia ya chai.

"Babu alivuta kamba bustani nzima akiwa amefunga kitambaa machoni," Shangazi aliendelea, na uso wake ulilainika kwa kumbukumbu. "Njia iliyomkwaza aliibomoa. Mimi nimemshika bibi mkono hapa nikiwa mdogo, na yeye ndiye aliyekuwa akiniongoza mimi. Nani amekueleza haya, binti?"

"Mawe, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Umefanya kazi njema, siwezi..."

Akakatiza. Macho yake yalikuwa yameuona mkasi mkononi mwa Mbunifu, yakateremka kwenye majani yaliyokatwa, yakatambaa juu ya ua mpaka mwisho wa mashariki, yakarudi.

"Nani amempa upande huo?"

Vikombe viligongana kwenye sinia.

"Makubwa!" Mpishi alinong'ona kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Kampa ua!"

"Mpishi, rudisha chai ndani."

"Imekwisha kupoa, mama. Acha nipoe nayo hapa hapa."

Shangazi alimkaribia Mbunifu. "Binti, unajua umeshika nini?"

"Mkasi, Shangazi."

"Umeshika posa."

Mbunifu alimtazama Kengele. Kengele alikuwa akitazama mivinje.

"Ua huu," alisema Shangazi, na kila neno lake lilikuwa na kingo, "babu aliukata kuanzia magharibi kwa macho yake, na bibi kuanzia mashariki kwa viganja vyake, wakakutana katikati. Tangu siku hiyo upande wa mashariki haukushikwa na kibarua wala mgeni. Ni wa mwanamke wa nyumba hii. Mwanamume wa humu akimpenda mtu, humkabidhi upande ule. Mwanamke akikataa, huuweka mkasi chini. Akikata mpaka katikati, amekubali. Nasi wewe tumekuajiri, mwanangu. Hatujakuposa."

Mbunifu aliangalia ua. Kati ya mkasi wake na mkasi wa Kengele palibaki nafasi ya kukaa watu wawili waliobanana.

"Ulijua?" alimwuliza Kengele.

"Nilijua."

"Na mimi ningejua lini? Watoto wakishaanza shule?"

Mpishi alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

"Nilikwambia jana," Kengele alijitetea.

"Uliniambia utanipa ua! Nikaenda nikavaa gauni!"

"Ndiyo. Nami nilipoliona hilo gauni nikasema moyoni, ameelewa. Amekubali."

Walitazamana. Kila mmoja aliona kwa mara ya kwanza asubuhi aliyokuwa nayo mwenzake, Mbunifu akingoja waridi, Kengele akidhani ameshajibiwa. Mahali pengine, bila mashahidi, wangecheka mpaka machozi. Lakini Mbunifu alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki.

"Mimi si daraja, bwana, unifungue kwa kukata utepe. Mtu huulizwa. Hufunguliwa mdomo."

"Mdomo wangu..." Kengele alitafuta maneno kama mtu anayepapasa funguo gizani. "Mdomo wangu hauna mazoea."

"Basi ungeupa mazoezi."

Akamgeukia Shangazi. Aliufunga mkasi, akaugeuza, akaushika upande wa makali na kuutoa mpini mbele, kama anavyofundishwa kila mtu aliyelelewa vizuri. "Huu ni upande wako, Shangazi. Nimekata kisicho changu bila kujua. Naomba radhi."

Shangazi alikuwa amejiandaa kwa jeuri. Kwa adabu hakuwa amejiandaa. Aliupokea polepole. "Na mwana wa kaka yangu? Huyo naye unanirudishia?"

"Yeye sikumchukua, Shangazi. Amekuja mwenyewe, tena kwa kuchelewa."

"Mbona umemjua upesi!" Mpishi alitia neno, akatazamwa, akanyamaza.

Shangazi aliuegemea mkasi kama mkongojo. Ghafla alionekana amechoka. "Kengele, njoo hapa. Wazazi wa yule binti wa daktari niliyekuchagulia wamekwisha kukaa sebuleni kwangu. Familia tunayoijua, mtaa huu huu. Huyu leo yuko hapa, kesho yuko kwenye bustani nyingine, kesho kutwa nawe uko nyuma yake unambebea ramani. Na mimi? Ua huu nitaukata na nani?"

"Shangazi, sijasema nitakuhama."

"Kaka yangu naye hakusema." Aligusa majani ya ua. "Wewe hujui jambo hili, na nilikusudia nife nalo. Wazazi wako walipotutoka, mimi nilikuwa na mchumba. Rubani. Mtu wa kuchekacheka, mikono haitulii. Baba yangu alikwisha kumpa idhini, na kwa kuwa mimi ndiye mwana wa nyumba, mchumba akashika magharibi na mimi mashariki. Tulifika hapa, hapa mliposimama. Wewe ulikuwa kwenye kikapu, chini ya kivuli. Ukalia. Akaniambia, 'Huyo mtoto tutampeleka kwa nani?' Nikauweka mkasi chini."

Ndege mmoja aliruka kutoka kwenye ua. Hata Mpishi aliinamisha uso.

"Sikulia wala sikumwita arudi," alisema Shangazi. "Nikakuokota kikapuni. Kwa hiyo usiniambie habari za moyo, mwanangu, mimi nazijua kuliko wewe. Sijapata kukuomba kitu. Leo naomba. Au niseme neno lenyewe lilivyo. Nakudai."

Neno lile lilimpiga Kengele mahali pabaya. Mtu mwingine angelia, angebembeleza, angesema tutazungumza jioni. Yeye alikuwa amelelewa kuamini kwamba ahadi ni ahadi na deni ni deni, na kwamba mwanamume hajadiliani na anayemdai kwa haki. Mbunifu alimwona akinyooka, mabega yakirudi nyuma, uso ukifungwa dirisha moja baada ya jingine, na moyo wake ukashuka kabla hajasikia lolote.

"Unanidai," alisema Kengele. "Nami sijapata kumdhulumu mtu, sembuse wewe. Uliacha kuolewa kwa ajili yangu. Malipo ya haki ni yale yale. Binti wa daktari sitamwoa, maana hajanikosea kitu nimpe mume asiye na moyo. Na huyu ambaye..." Macho yakakimbilia mivinje. "Ambaye nampenda tangu siku aliyonibishia kuhusu kina cha hodhi, naye sitamwoa. Nitaishi kama ulivyoishi wewe. Tutakata ua sisi wawili. Deni litakuwa limelipwa."

Mbunifu alimsogelea.

"Tena!" alisema, na machozi yalikuwa yamekwisha kumtangulia. "Tena umefanya! Asubuhi umeniposa bila kuniuliza, sasa umeniacha bila kuniuliza! Mimi ni nani katika mambo haya? Hodhi? Umesema unanipenda, mara ya kwanza umelitamka, na umelitamka kwenye sentensi ya kunikataa! Utajilipia deni lako kwa maisha yangu? Mimi nilikopa nini kwa Shangazi?"

Kengele alifungua mdomo. Hakuwahi.

Aliyetoa sauti ni Shangazi. Mwanzoni walidhani analia, na pengine ndivyo ilivyoanza. Lakini mabega yalimtikisika, mtandio ukamporomoka, na kilichomtoka mwishowe kilikuwa kicheko kikavu cha mtu aliyejiona usiku kwenye kioo akadhani ni mwizi.

"Umemsikia?" alimwambia Mbunifu. "Umemsikia mtoto wangu? Nimemlea mimi huyo. Nimempeleka shule ya bweni wakamfunza kusimama wima, akasimama wima mpaka hawezi kuinama kumwokota mtu." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Kuishi kama nilivyoishi mimi! Ewe mwana, unajua nilivyoishi? Unajua ni sikukuu ngapi nimekaa pale kibarazani nikisikiliza mikasi ya majirani wakikata nyua zao wawili wawili?"

"Nilidhani ndivyo unavyotaka," alisema Kengele polepole.

"Nami nilidhani hivyo, mpaka nilipokusikia ukitamka." Alimkaribia, akamrekebisha kola ambayo haikuhitaji kurekebishwa. "Nilimkataa rubani kwa sababu alitaka kunitenganisha na wewe. Leo mimi ndiye rubani. Geuka."

"Shangazi?"

"Geuka umtazame mwenzako usoni, acha mivinje. Halafu muulize kwa mdomo, kama watu."

Kengele aligeuka. Alikuwa na jani moja limemganda kwenye nywele, na Mbunifu alijizuia asilitoe. Alimwona mtu yule mkubwa, mjenzi wa madaraja ya kupitisha malori, akivuta pumzi kama mtoto anayesimamishwa mbele ya darasa.

"Nakupenda," alisema. "Gauni ni zuri. Nilipaswa kuanza na hilo. Nisamehe kwa mkasi. Utakubali kuolewa na mimi?"

"Mwenye kulelewa hajibu posa bustanini," alisema Mbunifu, akijikaza asitabasamu na kushindwa. "Nina baba na mama. Utakwenda kwao mchana kweupe, utakaa, utasema kwa mdomo. Na utakwenda na Shangazi. Bila yeye, usije."

Shangazi aliinua uso haraka. Hakutegemea kuhesabiwa.

"Na kama baba yako atauliza mwenyewe anasemaje?" Kengele aliuliza.

"Mwambie mwenyewe amekubali tangu alipovaa gauni."

Mpishi alipiga kigelegele kilichoruka ukuta, sinia ikaenda upande, kikombe kimoja kikaanguka kwenye changarawe na, kwa maajabu, hakikuvunjika. Shangazi alimkemea, lakini kemeo lenyewe halikuwa na mifupa.

Kengele hakuwa amesogea. Jambo moja lilikuwa bado limemkaa kooni, na mtu wa namna yake halali na jambo kooni. Alimgeukia yule mwanamke mwembamba aliyemwokota kikapuni, akaweka mikono nyuma, kama alivyosimama mbele ya walimu wake zamani.

"Shangazi, sitaki kuondoka hapa nikiwa nimenyamazia haki yako. Lile deni nitakulipa kwa kitu gani?"

"Deni gani?"

"Ulisema unanidai."

"Nilisema. Nilikosea neno." Alimwangalia kwa muda mrefu, kwa macho makavu sasa. "Sikukukopesha kitu, mwanangu. Nilikupa. Leo umeniletea maisha yako uniwekee mkononi kama malipo, na mimi siyapokei. Sasa sikudai. Wala kesho sitakudai."